Tulivyomzoesha Afande

Kila ninapopita mahali ambapo mtu anakaanga dagaa wakavu kwenye kikaango kisicho na mafuta, hainijii njaa, hunijia mbwa. Najua wengine mtacheka. Wenzangu wakisikia harufu ile huwakumbuka mama zao, au ugali wa jioni. Mimi humkumbuka mbwa mdogo mwenye miguu mifupi na sikio moja lililochanika, aliyeitwa Afande. Kuna likizo moja ya Juni ambayo mfuko wa gauni langu ulinuka dagaa mwezi mzima, hata paka wa mtaa wetu wakawa wananifuata kama vifaranga.

Tulikaa Same, nyuma kidogo ya barabara kuu, upande ule ambao upepo hauombi ruhusa. Ninyi mliopita Same mkiwa ndani ya basi hamuujui upepo wake. Ukianika shuka bila vibanio, jioni unakwenda kulibandua kwenye miiba ya watu. Milima ilikaa juu yetu imejitanda ukungu, mvua ikinyesha huko tukiiona kwa macho, na sisi huku chini tukibaki na vumbi letu. Baba yangu alikuwa akinunua tangawizi kwa wakulima wa milimani na kuwauzia wenye malori. Mama alikuwa nyumbani na kuku wake. Mimi nilikuwa na miaka kumi, na ukuta mfupi ndio ulionitenga na Bibi Namkunda.

Hakuwa bibi yangu wa damu. Alikuwa mzaliwa wa Gonja, huko milimani, Mlutheri, muuguzi aliyestaafu baada ya kuwachoma sindano nusu ya watoto wa wilaya. Sisi tulikuwa Waislamu. Lakini chumvi na kiberiti vilipita juu ya ukuta ule kila siku, na asubuhi nilikuwa nikiamshwa na Bibi akivuma nyimbo za kanisani huku akifagia uwanja wake. Mume wake alikuwa amefariki zamani. Aliishi peke yake na Afande.

Bibi alimwokota Afande penye jalala nyuma ya soko, mbwa akiwa bado mtoto. Inasemekana dereva wa lori ndiye aliyemtelekeza. Mbwa wakubwa wa sokoni walikuwa wamemkuta kabla ya Bibi, ndiyo maana sikio lake lilichanika. Bibi alilishona mwenyewe kwenye meza ya jikoni. Jina alipewa na Kaka Hoza, fundi pancha wa ng'ambo ya barabara, kwa sababu mbwa yule alisimama getini akikagua kila apitaye. Watu aliwapenda wote, hata wasiompenda. Mbwa wenzake ndio hakutaka hata kuwaona. Awe mbwa mkubwa kama ndama, awe mbwa aliyelala zake kivulini, Afande alimvamia akiwa amesimamisha manyoya, na sauti ambayo hujui mwili mdogo ule uliihifadhi wapi.

Nyumbani kwetu mbwa hakuingia, lakini hatukufundishwa kumchukia. Mama aliniwekea utaratibu. Karibu na mlango wa uani palikuwa na ndoo ya maji, kopo la udongo safi, na msumari wa kutundikia gauni langu la mbwa. Nikitoka kwa Bibi nilivua gauni, nikaosha mikono mara saba, mojawapo kwa udongo, kama tulivyofundishwa madrasa. Nilijua kuhesabu hadi saba kwa kasi ambayo mwalimu wangu wa hesabu hakuwahi kuiona darasani.

Mwaka huo, kabla ya likizo, Bibi alianguka. Alikuwa akimtembeza Afande, mbwa mmoja akakatiza, Afande akaruka, na mnyororo ukamzunguka Bibi miguuni. Alirudi kutoka hospitali mkono umevunjika, umefungwa hogo jeupe la plasta. Siku chache baadaye akaja binti yake, Mama Upendo, aliyekuwa akiishi Gonja kwenye shamba la ukoo.

Nilikuwa nachambua mchele upande wetu wa ukuta, kwa hiyo nilisikia yote bila kujaribu. Mama Upendo alikuwa akimsihi mama yake ahamie kwake. Chumba kipo, alisema, wajukuu wapo, na mkono huo utafuaje na kupika? Alisema kwa heshima, lakini kwa sauti ya mtu aliyekwisha kusema maneno hayo mara nyingi. Bibi akajibu kwamba angependa sana, ila kuna Afande. Na kweli kulikuwa na Afande. Mama Upendo alifuga mbwa wawili, Doria na Chui, wa kufukuza ngedere mashambani, na Krismasi iliyopita Afande alipopelekwa kule alimrukia Doria kabla hajamaliza kushuka garini. Alirudi Same na jeraha jipya begani.

Mama Upendo akasema, taratibu, kwamba itabidi basi wamwite bwana mifugo ampige Afande sindano ya kumlaza moja kwa moja, kwa maana mama yake hawezi kuendelea kuvunjika mifupa kwa ajili ya mbwa. Alisema atarudi mwisho wa likizo.

Mchele ukanimwagikia.

Alipoondoka, nilivaa gauni langu nikazunguka. Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda, Afande amelalia miguu yake.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umesikia, eeh?"

Sikukana. Nikamuuliza: "Bibi, mbwa mkali anaweza kufundishwa akaacha?"

Sasa hapa naomba mnisikilize vizuri. Bibi hakujibu. Alitazama mkono wake wenye hogo, akatazama lango, akatazama milima. Kuku walipita. Upepo ukafungua dirisha ukalifunga. Mimi nilidhani anatafuta jibu kichwani, kama mtu anavyotafuta jina alilolisahau. Ukimya ule ulikuwa mrefu hata nikaanza kuinuka.

"Anaweza," akasema mwishowe. "Kaa chini nikueleze."

Alinieleza kwamba Afande si mkali. Ni mwoga. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na Afande akiona mbwa yeyote huona wale wa jalalani, basi anawahi kupiga kabla hajapigwa. Akasema alipokuwa kazini, mtoto aliyeogopa sindano hakuwa akimvuta chumbani kwa nguvu. Alikaa naye nje, mbali na mlango, akampa kitu kitamu mkononi, siku nyingine wakasogea kidogo. "Woga haufukuzwi kwa fimbo," alisema. "Fimbo inauongezea sababu."

Ndivyo tulivyoanza. Bibi alitoa dagaa wake, waliotoka Ziwa Jipe, nikawakaanga wakakauka. Mnyororo tuliuweka kando, kwa maana Bibi alisema kila ukilia Afande anajiandaa kwa vita. Nilikwenda kwa Kaka Hoza, akanikatia utepe mrefu wa mpira wa tyubu, laini, unaovutika, akaufunga fundo la kushikia. Tena alikuwa na kitu tulichokihitaji kuliko mpira: mbwa wake jike, Tausi, mzee, mnene, aliyeshinda amelala kando ya rundo la matairi na kufungua jicho moja pale tu lori lilipotoa pumzi.

Siku ya kwanza tulisimama upande wetu wa barabara, nyuma kabisa, ukutani kwa ghala la Baba. Tausi alionekana kama gunia. Hata hivyo Afande alikakamaa, sikio zima likasimama, lile lililochanika likajaribu. Nikampa dagaa. Akala bila kuniangalia. Nikampa mwingine. Alipoanza kunguruma, sikumpiga wala sikumvuta. Tulirudi nyuma tu, mpaka akapumua. Bibi alikuwa amekaa kwenye kiti mlangoni pake akitutazama, na jambo aliloniambia mara nyingi kuliko yote lilikuwa mkono. "Legeza mkono, Mwanaidi. Ukikaza wewe, na yeye anajua kuna hatari."

Nilifikiri itachukua siku mbili. Watoto ndivyo tulivyo. Baada ya wiki tulikuwa tumesogea labda urefu wa nyumba moja, na wasichana wenzangu waliokuwa wakicheza rede uwanjani walikuwa wamechoka kuniita. Jua lilichoma utosi. Vumbi la malori lilitupaka sote rangi moja. Lakini asubuhi moja Tausi aliinuka kujinyoosha, Afande akamwona, na badala ya kukakamaa akageuza kichwa akanitazama mimi. Alinitazama usoni, kwa swali lililo wazi kabisa: huyo pale, dagaa yuko wapi? Nilitaka kupiga kelele. Nilimpa dagaa wanne kwa mpigo, nikageuka kumwangalia Bibi. Bibi alinipungia mkono wake mzima. Alikuwa akitabasamu, lakini alichelewa kutabasamu.

Tulivuka barabara. Tukafika penye mkokoteni wa machungwa, kisha penye mti ulio mbele ya banda la pancha. Ilifika siku ambayo Afande alilala, tumbo chini, hatua chache kutoka kwa Tausi, akitafuna, na Kaka Hoza akaacha kuziba tairi akawa anatazama tu, mpira umening'inia mkononi.

Halafu ikaja ile Ijumaa.

Nilikuwa nikirudi na Afande kando ya bucha. Mbwa mmoja wa kahawia, asiye na mwenyewe, akachomoka nyuma ya ukuta, meno nje, moja kwa moja juu yetu. Kila kitu tulichojenga kikapeperuka. Afande alipiga ukelele ule wake wa zamani, wakashikana miguuni pangu, mpira ukanizunguka, gauni likachanika, na mimi nikasahau habari zote za kulegeza mkono nikawa navuta huku nalia. Watu walikuwa wakipaza sauti. Mmoja alirusha jiwe.

Sikumwona Baba akija. Alikuwa njiani kwenda msikitini, amevaa kanzu yake nyeupe iliyopigwa pasi. Aliweka mguu wake kati ya mbwa wale, akamfukuza yule wa kahawia kwa kobazi, kisha akainama akamwinua Afande kwa mikono miwili akamkumbatia kifuani. Baba yangu, ambaye hakuwahi kumgusa mbwa. Damu na vumbi la Afande vikachora kanzu kuanzia shingoni hadi kiunoni. Afande alikuwa akitetemeka hivi kwamba mikono ya Baba ilitetemeka naye.

Alimpeleka hadi kwa Bibi, akamkabidhi, akarudi nyumbani kwenye ndoo yetu na kopo letu la udongo, akaoga, akabadili nguo, akaondoka tena. Nilijua swala imempita, na nilikaa nyuma ya nyumba nikisubiri kuitwa. Sikuitwa. Kesho yake, akinywa chai, aliuliza kana kwamba anauliza bei ya tangawizi: "Mgonjwa wenu anaendeleaje?"

Nikamwambia tumeshindwa. Nilimwambia yote, mpaka sindano ya bwana mifugo. Baba alikuwa mtu ambaye wafanyabiashara wakikosana sokoni walimwita asuluhishe, na alinisikiliza vile alivyowasikiliza wao, bila kunikatiza. Akasema mtu akijikwaa harudi mwanzo wa safari, anaanzia pale alipoangukia. Kisha akasema kwamba wiki ile anapeleka gari Gonja kuchukua mzigo, na kama Bibi anaridhia, atatuchukua sote tukajaribu.

Kabla ya hapo tulirudi kwa Tausi. Siku ya kwanza baada ya ugomvi Afande hakutaka hata kuvuka barabara, nasi hatukumlazimisha. Siku ya pili alivuka. Alikumbuka upesi kuliko nilivyotarajia, kama mtu anayeikumbuka njia akianza kuitembea.

Safari ilipita kijiji cha Kisiwani, tambarare kavu upande mmoja na mlima upande mwingine, halafu njia ikaanza kupanda, hewa ikabadilika, migomba ikaanza. Nilikuwa nyuma na Afande kati ya magunia matupu. Tulipokaribia kwa Mama Upendo, Baba alisimamisha gari chini kabisa, mahali ambapo nyumba haikuonekana. Mama Upendo akashuka kutupokea, amemshika Doria kwa kamba, uso wake umekaza. Alimwamkia Bibi, akatazama sikio la Afande, akasema anaomba tusiwakutanishe, atakufa mtu.

"Hatutawakutanisha," Baba akamjibu. "Waliogombana ukiwakalisha uso kwa uso, watagombana tena. Wape safari moja, wote watazame mbele."

Basi tukatembea. Mama Upendo mbele na Doria upande wa juu wa njia, mimi na Afande nyuma kabisa upande wa chini. Tulifuata mfongo, ule mfereji wa maji ya mashambani, ukilia kando yetu. Nilikuwa na dagaa mkononi na mkono wenyewe ulikuwa umelowa jasho, lakini niliulegeza. Afande alimtazama Doria, akanitazama mimi. Dagaa. Akamtazama Doria, akanitazama. Dagaa. Njia ilipanda, sote tukaanza kuhema, na mtu anayehema hana nafasi kubwa ya chuki. Tulipofika kwenye ndiva, bwawa dogo ambalo wakulima hukusanyia maji, tulikuwa tunakwenda sambamba, upana wa njia tu ukitutenga. Doria alikunywa maji. Afande alikunywa maji, mbali kidogo, jicho moja kwake. Kisha Doria akaja pole pole kwa ubavu, akamnusa mkia. Afande alikakamaa, akanguruma kidogo, akageuza shingo, akamnusa na yeye.

Mama Upendo alikuwa amefunika mdomo kwa ncha ya kanga.

Sitawaambia kwamba alikuwa malaika kuanzia pale. Kwa Chui ilichukua siku zaidi, na chakula cha Afande kilibidi kiwekwe nyuma ya nyumba maisha yake yote, kwa sababu kwenye sahani Afande hakuwa na ndugu. Mbwa mgeni akipita njiani bado alimkemea. Lakini alilala banda moja na wale wawili, na baadaye tulisikia kwamba alikuwa wa kwanza kuwaona ngedere na wa mwisho kuwafikia, akiwapigia kelele huku wenzake wakifanya kazi.

Mimi na Baba tulirudi Same na tangawizi. Bibi alibaki, yeye na Afande na sanduku lake. Tulipoagana, alinishika kidevu kwa mkono wake mzima akasema, "Umefanya kazi nzuri sana, Mwanaidi." Macho yake yalikuwa yamejaa, na mimi nikadhani ni furaha. Baada ya hapo niliamka asubuhi na hakuna aliyevuma upande wa pili wa ukuta. Nyumba ilipangishwa. Nililia, lakini kwa fahari, kama mtu aliyetoa zawadi kubwa.

Bibi aliishi Gonja miaka mingi, na nilimtembelea mara kadhaa. Watu walimletea watoto wenye homa, akawatazama, akawaelekeza hospitali. Alionekana ametulia. Miaka mingi baadaye Mama Upendo alinisimulia jambo nikalipokea kama kichekesho: kwamba miezi ya mwanzo mama yake hakuzipanga nguo zake kabatini, aliziacha sandukuni. Alikuwa akichomoa nguo moja moja, anafua, anakunja, anarudisha.

Sikulitafakari hadi mwaka jana. Baba ametangulia mbele ya haki, na mama yangu amebaki peke yake Same. Mimi ninaishi Dodoma, nina chumba, nina nafasi. Nilipomwomba aje, alisema angependa sana, ila kuku wake nani atawalisha? Nikampatia binti wa jirani. Akasema kuna tangi linalovuja. Nikamtafuta fundi. Akasema, basi, kuku hawajamzoea yule binti. Nikampigia seremala wa Dodoma anitajie bei ya banda la kuku huko kwangu, na nilikuwa bado na simu sikioni, nimesimama uani pale pale penye ukuta ule mfupi, nilipomwona Mama akitazama lango, halafu milima.

Nilikata simu. Nikakaa naye chini nikamuuliza kama kuna kitu anakiogopa.

Akasema, "Hapa nikikohoa, mtu ananiita juu ya ukuta kuniuliza. Huko kwako nani atajua kwamba ni kikohozi changu?"

Safari hii sikumpigia simu mtu yeyote. Tulikaa. Bado tunazungumza habari hiyo, mimi na yeye, bila haraka, na kuku hatujawataja tena.

Bibi Namkunda alikuwa na Afande. Alikuwa na sababu nzuri ya kubaki Same, yenye meno, ambayo binti yake asingeweza kuibishia ila kwa sindano. Ungetosha uongo mdogo tu, kwamba mbwa wa namna ile hafundishiki. Nani angejua? Aliyeuliza alikuwa mtoto wa miaka kumi mwenye mchele kwenye viganja. Lakini maisha ya mbwa yalikuwa yanategemea jibu lake. Akayapima yale mawili, nyumba yake na mbwa wake, pale kwenye kigoda, kimya, kuku wakipita, kisha akaniambia ukweli, na kila siku akaketi mlangoni pake kunisahihisha mkono, huku nikimsogeza Afande hatua kwa hatua, na yeye mwenyewe nikimsogeza mbali na nyumba yake.

Mimi nilimshukuru kwa kunisaidia kumwokoa mbwa. Ndiyo shukrani niliyokuwa nayo wakati ule.